Shajara ya kasa wa Maziwe: msimu wa mayai na majarife

Machi, maji mafu

Kasa wa kwanza wa msimu amepanda Maziwe usiku wa kuamkia leo. Alama yake tumeikuta asubuhi na mapema, upande wa fungu unaotazama bara: upana wa karibu mita moja, mapezi ya kulia na kushoto yamechimba mchanga kwa pamoja. Huyo ni kasa wa kawaida. Angekuwa ng'amba, alama ingekuwa nyembamba zaidi na mapezi yangepishana, hili mbele, lile nyuma.

Kwa wanaoanza kutufuata mwaka huu: Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari, nje ya Pangani, mkoa wa Tanga. Sisi, kikundi kinacholinda kasa, tuko Ushongo, pwani ya bara inayotazamana nalo. Zamani kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje, na watafiti waliopita pwani hii miaka ya 1970 walikitaja kuwa miongoni mwa mazalio makubwa kabisa ya kasa Afrika Mashariki. Kasa wa kawaida, ng'amba na kigome, wote walitaga hapo. Kikatangazwa eneo tengefu. Lakini miti ilikatwa, ufukwe ukaliwa na maji, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 hakukuwa na mti hata mmoja uliosimama. Mchanga ukikosa mizizi ya kuushika huenda na maji. Leo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa, Maziwe yote inazama.

Kasa hawajaacha kuja. Wanapanda, wanachimba, wanataga, wanafukia, wanarudi baharini, na siku chache baadaye bahari inakifunika kiota. Yai la kasa linapumua kupitia ganda. Likikaa ndani ya maji ya chumvi, linakufa. Kiota kinachoachwa Maziwe hakina salama, ndiyo maana kwa miaka mingi viota vya huko vimekuwa vikihamishiwa Ushongo.

Kazi yenyewe inaamriwa na maji. Siku za maji mafu, yaani za kujaa kidogo kati ya bamvua na bamvua, maji hujaa mnamo saa nne au saa tano usiku, hayafiki kilele cha fungu, na kasa hupanda akachimba pale palipobaki pakavu. Siku za bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na fungu lote huzama. Kwa hesabu hiyo, kiota cha maji mafu kina siku chache za kuishi. Lakini hata siku hizo hatuwezi kuzingoja, kwa sababu ya yai lenyewe. Saa chache tu baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwa ndani upande wa juu wa ganda, na kuanzia hapo kwa muda wa wiki mbili tatu, ukiligeuza yai umeliua. Kwa hiyo boti lazima itoke kila alfajiri ya msimu. Mafuta ya boti ndiyo gharama inayotunyima usingizi. Mtu akitaka kusaidia mradi wa namna hii popote pwani, aanze kwa kuuliza bei ya mafuta.

Kiota cha leo kilikuwa na mayai 118. Tulikichimba kwa mikono. Fimbo ya kuchomea mchanga tumeiacha kabisa kwa sababu hutoboa mayai. Juu mchanga ni mkavu, chini yake una unyevu, halafu ghafla vidole vinazama kwenye ulaini: hapo ndipo. Kila yai linawekwa alama ya penseli juu yake kabla halijainuliwa, ili likae vilevile ndani ya ndoo na vilevile ndani ya kiota kipya. Chini ya ndoo tunaweka mchanga wa kiota chenyewe, juu kitambaa chenye maji. Nahodha anajua kwamba siku hiyo amebeba abiria wasiotaka kurushwa. Ushongo shimo lilikuwa tayari juu ya mstari wa bamvua, kina kilekile, shingo nyembamba na tumbo pana kama mtungi, kwa sababu ndivyo mama anavyolichimba kwa mapezi yake ya nyuma.

Machi, baada ya mwezi mpevu

Tumekaa kujadili kivuli. Jinsia ya mtoto wa kasa haiamuliwi siku ya kupandana. Inaamuliwa na joto la mchanga katikati ya siku za kulalia, ambazo ni kama siku 50 hadi 60. Karibu na nyuzi 29 hutoka madume na majike. Mchanga ukizidi joto hapo hutoka majike, ukipungua hutoka madume. Ukizidi sana, hakitoki kitu.

Mayai yote tukiyazika mahali pamoja kwenye jua kali kwa sababu ni rahisi kulinda, tunaweza kutoa majike watupu miaka nenda miaka rudi bila kujua. Tumekubaliana kuvitawanya viota: vingine wazi, vingine nyuma kidogo ambako mivinje huleta kivuli mchana. Walinzi watatembea zaidi. Mama mmoja wa kikundi, ambaye ndiye anayeandika daftari la viota, ameongeza safu ya kipimajoto kwenye kurasa zake. Kwa maoni yangu hiyo safu ina thamani kuliko bango lolote tulilowahi kuchapisha.

Aprili, bamvua la mwezi mwandamo

Masika imeshuka na kusi limeanza kuvuma. Mawimbi kwenye mlango wa kutokea baharini yamekuwa makubwa na nahodha amekataa kutoka. Yuko sahihi. Hatutamtuma mtu kufia mayai.

Tulipofika tena, fungu lilikuwa limebadilika umbo. Ncha ya kusini imekatwa, mchanga umehamia kaskazini, na hakuna alama hata moja ya kuonyesha nani alipanda katika siku tulizokosa. Kama kulikuwa na viota, bahari imevichukua.

Aprili, mwishoni

Siku tulivu zimerudi, na kasa nao. Aprili mpaka Juni ndiyo kilele cha kutaga kwa kasa wa kawaida katika pwani yetu. Viota vya Ushongo vinaendelea vizuri. Nguchiro alichokoza kimoja usiku. Sasa kila kiota kina wavu juu yake uliokazwa kwa vigingi vya mti. Hoteli moja ya jirani imekubali kuzima taa za upande wa bahari tutakapofika wakati wa kuanguliwa. Mtoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga zaidi, na kwa maelfu ya miaka upande huo ulikuwa bahari.

Mei, maji mafu

Leo nitaandika kwa urefu, kwa sababu jambo hili limebadilisha mpango wetu wote.

Kasa jike amekokotwa na maji hadi ufukweni, amekufa. Gamba zima, hakuna jeraha la panga wala la boti. Lakini shingoni na kwenye kwapa la pezi la kushoto palikuwa na mikato membamba iliyopishana, kamba imekula ngozi hadi nyama nyeupe. Ni jarife. Afisa uvuvi alipokuja tukampasua mbele yake. Ndani mlikuwa na mayai yenye ganda, tayari kwa kiota kinachofuata, na nyuma yake viini vya manjano vya ukubwa mbalimbali, vya viota vya baadaye. Alikuwa katikati ya msimu wake.

Jarife, kwa wasiolijua, ni wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa na taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Kasa anapumua hewa kama sisi. Akinaswa chini na kupapatika, hewa inamwishia haraka, anakufa maji.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonigeuza. Jike wa kasa wa kawaida huchukua miaka 25, pengine 40, kufikia umri wa kutaga. Akishafika, hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, halafu hupumzika miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kurudi. Makadirio yanayotumiwa na wengi ni kwamba katika watoto elfu moja, mmoja ndiye hufikia utu uzima. Kiota kikiwa na mayai kama 110, basi ili kumrudisha mama huyu mmoja tunahitaji viota tisa vilivyoanguliwa vyote bila yai kuharibika, na kisha tungoje miaka 30. Jarife moja, usiku mmoja, linafuta kazi yote hiyo ya ndoo.

Sisemi tuache mayai. Yai lililoachwa Maziwe linakufa bila shaka, na hatuwezi kulitazama. Ninachosema ni kwamba tumekuwa tukipima mafanikio yetu kwa idadi ya watoto waliokimbilia majini, kwa sababu wanahesabika, wanapendeza kwenye picha, na wafadhili wanauliza hao. Mama asiyekufa hapigwi picha. Lakini ndiye anayebeba uzao mzima wa pwani hii.

Kikundini hatukuwa na kauli moja. Vijana wawili waliona tunaacha kazi tunayoiweza na kwenda kwenye kazi ya kugombana na watu. Hoja yao ina uzito. Nusu ya wavuvi hao ni shemeji na wajomba zetu. Mwisho tumekubaliana: boti ya alfajiri itaendelea, na fedha zilizokuwa zichapishe fulana za siku ya kasa zitakwenda kwenye mazungumzo na wavuvi wa jarife.

Mei, mwishoni

Tumekwenda kwenye dago, kambi ya wavuvi wa kuhamahama. Wengi wa wavuvi hapo wametoka Pemba, wanakaa wiki kadhaa wakifuata samaki, kisha wanahama. Tulifika jioni, baada ya sala ya alasiri, nyavu zikiwa zinashonwa. Mzee anayeheshimiwa kambini alitukaribisha kwa chai ya tangawizi, na kabla hatujafungua mdomo akasema, "Wanangu, kama mmekuja kunifunga, nifungeni nikishamaliza chai."

Hilo ndilo tatizo la kwanza. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kumvua, kumuua au kuwa na kasa, na ni sheria nzuri. Lakini mvuvi aliyemnasa bila kukusudia anaiona sheria hiyohiyo kama shimo: akisema, anaogopa kuonekana mwindaji. Basi hasemi. Tulipomweleza kwamba tulitaka kujua tu majarife hutegwa wapi na lini, mazungumzo yalifunguka.

Mzee alituhadithia ujana wake, walivyovua kasa kwa chazo: samaki yule mwenye kinyonyeo kichwani hufungwa kamba mkiani, anaachiwa, anamganda kasa, na mvuvi anavuta polepole. Uvuvi huo ni wa kale sana katika bahari ya Hindi. Magamba ya ng'amba yalikuwa bidhaa ya pwani hii tangu enzi za mabaharia wa Kigiriki, karibu miaka 2000 iliyopita. Mzee hakusimulia kwa majigambo. "Siku hizo ukitazama maji hapo," akaonyesha upande wa Maziwe, "unaona vichwa vinachomoza. Sasa unaweza kukaa kutwa."

Nyama hawaili tena, akasema, na vijana wakaitikia. Sababu ni Panza. Machi 2024, katika kisiwa hicho cha Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Wengine kadhaa wakalazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, dawa ya kuizima haipo, na mtoto anaweza kuipata kupitia maziwa ya mama. Mmoja wa vijana kambini alikuwa na jamaa zake Panza. Hatukuongeza neno.

Tulichokiona sisi kuwa habari njema ni hiki: mvuvi wa jarife hamtaki kasa. Kasa akinaswa anauchana wavu, na tundu moja ni siku nzima ya kushona. Kwa hiyo tulimwomba kitu ambacho kinamfaa naye pia. Kwanza, asitege kati ya Maziwe na Ushongo miezi ya kutaga, kwa sababu jike hakai mbali na ufukwe kati ya kiota na kiota. Pili, akimkuta kasa kwenye wavu, hata kama hajitikisi, asimtupe.

Juni, bamvua la mwezi mpevu

Ombi la pili limezaa matunda mapema kuliko tulivyotarajia.

Simu iliita alfajiri. Ngalawa ilikuwa njiani na kasa aliyetolewa kwenye jarife, kimya, shingo imelegea. Zamani angerudishwa baharini palepale, na hapo ndipo angekufa kwelikweli, kwa sababu kasa aliyezimia akitumbukizwa majini anazama na kufa maji. Utaratibu unaofaa ni huu, na mvuvi yeyote anaweza kuufanya ndani ya chombo chake: mlaze kifudifudi, inua sehemu ya nyuma kwa kiasi cha shibiri moja ili maji yatoke mapafuni, mweke kivulini, mfunike gamba kwa kitambaa kibichi bila kuziba pua, na ungoje. Inaweza kuchukua saa nne, inaweza kuchukua siku nzima. Ukitaka kujua kama yu hai, gusa taratibu ngozi karibu na jicho au mkia.

Walimfikisha akiwa ameinuliwa nyuma juu ya gunia la kamba. Tulimweka chini ya banda la makuti. Muda mrefu hakukuwa na dalili yoyote. Halafu kope ilitetemeka alipoguswa, na baada ya hapo akainua kichwa, akavuta pumzi moja nzito yenye sauti ya kukoroma, akatulia tena dakika kadhaa, akavuta nyingine. Kijana aliyemleta, ambaye alikuwa amesema atarudi kambini mara moja, alibaki hapo mpaka jioni. Maji yalipoanza kupwa alimsindikiza mwenyewe hadi maji ya kiunoni.

Hakuwa na tagi, ile alama ya utambulisho, kwenye pezi. Tunatazama kila mara, kwa sababu kasa wenye tagi za Mayotte na Aldabra wamewahi kupatikana Tanzania, na duvi, aina nyingine ya kasa, waliowekwa tagi kwenye fukwe za Afrika Kusini pia. Anayekufa kwenye jarife la Pangani huenda ndiye anayesubiriwa kutaga Komoro.

Malipo yamezua mjadala. Watamu, Kenya, wenzetu wamekuwa kwa miaka mingi wakiwapa wavuvi fidia ndogo ya simu, muda na taabu kwa kila kasa anayeletwa ili aachiwe, na maelfu wamerudi baharini kwa njia hiyo. Wapo wanaohofia kwamba fedha itamfanya mtu amvue kasa kwa makusudi. Kwa hiyo sisi tunalipa vocha ya simu na uzi wa kushonea wavu, si zaidi. Uzi ndio wanaoupenda. Unalipa hasara halisi, na hauwezi kuwa biashara.

Julai

Viota vya Machi na Aprili vimemaliza kuanguliwa, vya Mei vinaendelea. Cha kwanza kabisa, kile cha mayai 118, tulikifukua siku tatu baada ya watoto kutoka ili tuhesabu: maganda matupu 97, mayai 14 ambayo hayakukua, mengine yalifia njiani. Kwa kiota kilichosafiri kwenye boti, nimeridhika. Viota vya kivulini vimechukua siku kadhaa zaidi kuliko vya juani, kama ilivyotarajiwa, na daftari la joto linaonyesha tofauti ya wazi.

Wageni wamekuja kutazama, na sehemu ya kiingilio inakwenda kwenye mfuko wa kijiji. Tunarudia kwa kila kundi: usimbebe mtoto wa kasa kumpeleka majini. Ile njia ya mchanga anaitembea mwenyewe, na inaaminika kwamba ni katika safari hiyo ya kwanza ndipo anapoanza kushika pwani aliyozaliwa. Kazi yetu ni kufukuza kaa na kunguru, kuzima tochi na kusimama nyuma.

Swali ambalo wageni huuliza sana ni kwa nini tusipande miti Maziwe. Mche hauoti mahali panapofunikwa na maji ya chumvi mara mbili kwa mwezi. Mivinje ile ilihitaji kulindwa ilipokuwa bado imesimama.

Agosti

Mkutano wa kijiji umefanyika, na wawakilishi wa dago walikuja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Afisa uvuvi alieleza mbele ya wote kwamba mvuvi anayetoa taarifa ya kasa aliyenaswa kwa bahati mbaya na kumkabidhi hatachukuliwa kama mwindaji. Kauli hiyo imeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano na kusainiwa. Nadhani ndiyo karatasi muhimu kuliko zote tulizonazo.

Ombi la kutotega majarife kwenye mkondo kati ya Maziwe na Ushongo miezi ya kutaga halikupita. Wenye ngalawa ndogo walisema, na walisema kweli, kwamba kusi likivuma hawawezi kwenda mbali zaidi, na mkondo huo ndio unaowalisha. Ukiwafungia bila kuwapa njia nyingine, watatega usiku na kuficha. Kilichokubaliwa ni jaribio: katika miezi ya kilele jarife litegwe, lakini mwenyewe abaki nalo na kulikagua usiku, badala ya kuliacha mpaka asubuhi. Si tulichoomba. Kwa kasa aliyenaswa, hata hivyo, kukaguliwa usiku kunaweza kuwa ndiyo uhai wake, na mvuvi naye anamtoa taa wake kabla papa hajamng'ata.

Yaliyobaki kabla ya Machi: kununua taa za kichwa kwa vyombo vilivyokubali jaribio, kumfundisha angalau mtu mmoja katika kila ngalawa namna ya kumlaza kasa aliyezimia, na kwenda Pemba wakati wa kaskazi kuzungumza na wenye majarife nyumbani kwao, kwa kuwa wengi wanaotega hapa si wamiliki wa nyavu wanazotega. Mzee wa dago ameahidi kutangulia na kutupatia mwenyeji. Daftari la viota litakuwa na ukurasa mpya upande wa kulia: kasa waliotolewa kwenye majarife wakiwa hai, chombo, mahali, hali ya maji. Huo ndio tutakaoutuma kwanza kwa anayeuliza msimu umekwendaje.